Aliyenifuata Mpaka Simbi

Jumamosi, 1 Machi 2025. Kitale. Mvua: hakuna.

Daftari hili ni la serikali. Nilipostaafu Desemba walinipa keki na saa ya ukutani, nami nikajipa madaftari mawili ya nyanjani ambayo hadi leo hakuna aliyeyaulizia. Miaka thelathini na mmoja nimekuwa afisa wa kilimo, nikienda shamba hadi shamba kuwafundisha watu nafasi ya mahindi, na kila jioni niliandika mvua na mambo ya siku. Sasa sina mkulima wa kumtembelea, lakini mkono umezoea. Kipima mvua bado kiko kwenye nguzo nyuma ya jikoni. Basi nitayaandika masika haya mpaka mahindi yapite magoti.

Nyumbani tuko wawili, mimi Edah na binti yangu Nasike. Ameolewa Bungoma na karani mmoja, mwaka wa nne huu. Alikuja tarehe tisa Februari na begi moja. Nilipomwuliza kwa nini amekuja, alisema, "Nimekuja tu kukaa na wewe kidogo, mama." Kidogo hicho kimefika wiki ya tatu na mumewe hajatuma hata salamu. Mimi si mtoto mdogo.

Wabwile, baba yake Nasike, tulimzika Oktoba. Hilo nimeliandika, basi.

Jumatatu, 3 Machi. Mvua: hakuna.

Nimefagia uwanja mara mbili. Mara ya pili hapakuwa na takataka.

Alhamisi, 6 Machi. Mvua: hakuna.

Nilikwenda mjini kununua misumari ambayo sikuihitaji. Duka ni la Ravinder, Kalasinga mwenye kilemba aliyezaliwa hapa hapa Kitale na anayejua kila mtu aliyewahi kuezeka bati Trans-Nzoia. Alinipimia misumari polepole, halafu akasema, "Madam Edah, mimi nakuona kila asubuhi unapita hapa mbio mbio, huendi mahali. Si ukuje utembee na sisi, bana."

Ana kikundi cha watu sita hivi. Wanatembea milimani Jumamosi, na sheria yao ni moja tu, hakuna gari la mtu binafsi. Kila mahali wanakwenda kwa gari la abiria, kisha kwa miguu. Sheria hii aliitunga yeye baada ya watoto wake kumnyang'anya ufunguo wa gari kwa sababu ya macho. Badala ya kununa akaigeuza kuwa sheria ya kikundi. Huyo ni mtu wa aina yangu.

Masika haya wanataka maziwa yaliyokaa ndani ya midomo ya volkeno. Kuna moja dogo juu kabisa ya Elgon, na jingine Simbi, karibu na Kendu Bay. Mengine yako Uganda, ng'ambo ya Suam, ila hayo ni ya baadaye. Nilisema nitakwenda kabla hajamaliza kunionyesha ramani.

Nasike hakupenda. "Mama, na ukipotea?" Nipotee mimi, niliyeijua kila njia ya ng'ombe kabla hajazaliwa! Akaanza tena hadithi ya Januari, kwamba nilionekana Saboti alfajiri nikiwa na patipati za nyumbani miguuni, na mwenye boda akanirudisha. Nilikuwa nanyoosha miguu. Au mtu akistaafu hata miguu inastaafu?

Jumamosi, 15 Machi. Mvua: matone, hayapimiki.

Nasike anaongea kwa simu kule kwenye ua, kwa sauti ya chini, akinipa mgongo. Nikikaribia anakata. Akirudi macho ni mekundu.

Niseme kitu hapa, kwa haki. Kwetu Wabukusu, mume wa binti haingii ovyo nyumbani kwa mama mkwe, hamshiki mkono, hali chakula mbele yake, na wakikutana njiani yeye ndiye anayepisha. Hiyo ni heshima na sina ugomvi nayo. Lakini heshima haimkatazi mtu kumtuma mjomba wake. Mwanamume aliyeachwa na mke zaidi ya mwezi bila kutuma mtu, huyo amefurahi kuachwa.

Jumamosi, 22 Machi. Saboti. Mvua: milimita 3.

Matembezi ya kwanza. Tulishukia Saboti sokoni, tukapanda vilima na kurudi, kilomita kumi na nne. Nilitembea karibu na Rosaline, mama wa vitunguu vya Suam, ambaye haongei bali anatangaza. Kabla ya saa nne nilikuwa najua uzito wa kila gunia alilowahi kuvusha mpakani.

Nililala vizuri kwa mara ya kwanza tangu Oktoba.

Kulikuwa na mtu nyuma yetu. Alikuwa mbali, na koti la mvua la kijani limefunika kichwa. Tukisimama, anasimama. Nilimwuliza Ravinder ni nani, akasema, "Ah, watu wanatembea tu, Madam. Barabara ni ya serikali." Akabadilisha mada upesi kuliko kawaida yake.

Jumamosi, 29 Machi. Mvua: milimita 31.

Zimeanza! Nimepanda nusu ekari kabla ya saa tano.

Jumapili, 30 Machi. Mvua: milimita 22.

Nasike alilia chooni, akadhani mvua juu ya bati imemficha.

Ijumaa, 4 Aprili. Mvua: milimita 17.

Nimefanya jambo na ninaliandika ili nisije nikasema sikulifanya. Nilimwambia Nasike naenda kuona mbolea, kumbe nilikwenda Lugulu kwa Mukhisa, ndugu ya marehemu mume wangu. Nilimwambia awaandikie wazee wa upande wa pili kwamba sisi tumechoka kungoja. Waje tukae chini tuyamalize, kila mtu ashike njia yake. Tukaweka Jumamosi ya tarehe ishirini na nne Mei, palizi ya kwanza ikiwa imekwisha.

Mukhisa alikuna kidevu. "Shemeji, umeuliza mtoto kwanza?"

"Mtoto analia chooni, unataka nimwulize nini tena?"

"Mimi nauliza tu. Kuvunja ni siku moja, harafu kujenga ni miaka."

"Andika," nikamwambia. Akaandika, maana Mukhisa hajawahi kunishinda.

Sijamwambia Nasike. Atanishukuru baadaye.

Jumanne, 8 Aprili. Mvua: milimita 26.

Mahindi yametoka. Nimeyahesabu mistari mitatu kwa sababu sikuweza kukaa.

Jumapili, 13 Aprili. Mvua: nyumbani milimita 40, mlimani Mungu anajua.

Ziwa la Elgon limetukataa. Jana tulikwenda kwa gari hadi Kimilili, tukabadilisha hadi Kapsokwony, tukalala huko, na leo asubuhi tukaanza kupanda. Kwenye mianzi ukungu ulishuka mpaka nikawa simwoni Rosaline, namsikia tu, na hiyo si shida. Askari wa msitu tuliyekuwa naye, kijana anayeitwa Kibiwott, alisimama akasema, "Hapa tunarudi. Huko juu mto umejaa, mtu akienda haonekani." Ravinder alitaka kubishana, lakini miwani yake ilikuwa imejaa maji.

Basi tukageuka. Na hapo, kwenye kona, nikamwona tena yule wa koti la kijani, hatua thelathini mbele yetu. Alipoona tumegeuka aliruka ndani ya mianzi kama paa. Tulipopita niliona mianzi ikitikisika. Rosaline akatangaza, "Muacheni, ameshikwa na tumbo!" Wote wakacheka.

Mimi sikucheka. Mtu mwenye tumbo haendi nalo Saboti na Elgon.

Jumamosi, 19 Aprili. Mvua: milimita 12.

Nasike hali chakula vizuri. Simu ya kwenye ua siku hizi ni fupi, dakika mbili, na yeye anaishika muda mrefu baada ya kukata. Nikajiambia, barua imefika, yule bwana ameonyesha rangi yake. Nilijisikia mshindi, lakini sahani yangu niliirudisha jikoni ilivyo.

Jumatano, 30 Aprili. Mvua: milimita 19.

Palizi.

Alhamisi, 1 Mei. Mvua: milimita 33.

Palizi. Sherehe za wafanyakazi kwenye redio. Nimezima.

Ijumaa, 9 Mei. Mvua: milimita 8.

Tumegombana. Ravinder amesema wiki ijayo ni Simbi, siku tatu kwenda na kurudi. Nasike alisimama mlangoni. "Mama, huko ni mbali. Na mvua hii?"

"Nimekulea wewe, si wewe umenilea mimi."

"Si ungekaa tu nyumbani, ata mwezi moja?"

"Nikae nifanye nini? Nitazame kiti cha baba yako?"

Akarudi jikoni. Nilitaka anijibu. Nyumba hii ina watu wawili na kila mmoja anatembea kwa ncha za vidole, mimi nimechoka. Na bado wiki mbili kufika siku ya wazee na sijamwambia.

Ijumaa, 16 Mei. Kendu Bay. Mvua: sijui, niko mbali na kipimo changu.

Naandika kwa hasira, nisamehewe mwandiko.

Tulitoka Kitale saa kumi na mbili asubuhi. Bungoma tulishuka kubadilisha gari la Kisumu. Nafasi zetu zilikuwa tayari, imebaki moja ya mbele, na abiria wa nafasi hiyo alikuwa ameweka mguu ndani. Akageuka. Ni koti la kijani. Na safari hii kichwa kilikuwa wazi.

Ni mume wa Nasike.

Aliponiona alirudi kinyumenyume, akainamisha uso, akamwambia kondakta, "Wacha tu, nitapanda ingine." Kondakta akamfokea ati anachezea gari. Yeye akaenda kusimama nyuma ya kibanda cha mkate hadi tukaondoka.

Kwa hiyo ndiye. Saboti ni yeye, kwenye mianzi ni yeye. Mkewe hamfuati, mimi ndiye anayenifuata! Kikulacho ki nguoni mwako. Njia nzima hadi Kisumu nilitafuta sababu, nikapata moja tu: anatafuta la kusema mbele ya wazee. Atasema mama mkwe ni mzururaji, amemfundisha binti uzururaji. Ravinder alinipa karanga mara mbili na mara mbili sikuziona.

Jumamosi, 17 Mei. Kendu Bay, jioni.

Nitaandika taratibu, kila kitu kama kilivyotokea.

Asubuhi tulichukua boda hadi Simbi. Ziwa liko chini ya ukingo, kijani kama maji ya sukuma wiki iliyochemka, linanuka magadi, na ndege aina ya heroe walikuwa wamejazana upande wa mbali. Mama mmoja wa pale alitueleza kwamba chini ya maji kuna kijiji. Zamani kilimfukuza bibi kizee kwenye mvua, na usiku huo kikazama. Nikamwambia Rosaline kwamba leo bibi huyo ni mimi, na yupo mtu ninayetaka azame.

Njia inalizunguka ziwa juu ya ukingo. Kabla hatujaanza nilitazama nyuma, nikaona kijani pale kwenye miti, kinangoja tutangulie. Ndipo nikafikiri kitu kidogo. Saboti njia ina mwanzo na mwisho, mtu anaweza kukaa nyuma yako siku nzima. Simbi njia ni duara. Nikawaambia wenzangu watangulie kulia, mimi nafunga kamba za viatu. Walipopotea kwenye kona, mimi nikashika kushoto, nikaingia nyuma ya kichaka na kungoja. Alipita akiwafuata wao, macho mbele, akidhani nimo. Nikarudi njiani nikaendelea kushoto, peke yangu. Nilijua tutakutana upande wa pili, uso kwa uso, na hapo hakuna mianzi.

Mama mkwe gani humwinda mkwewe? Nilijua ni aibu. Nilikwenda haraka zaidi.

Wa kwanza kukutana nami walikuwa wenzangu. Rosaline alipiga kelele, "We, umeruka juu ya maji?" Nikawapita. Baada ya kona ya mawe nikamwona. Naye akaniona. Upande mmoja wa njia ulikuwa ua wa miiba wa boma la watu, upande mwingine mteremko wa ziwa. Akafanya alivyofunzwa na mama yake. Alitoka njiani anipishe, akageuza uso, akashuka hatua mbili upande wa maji.

Udongo wa volkeno ukilowa ni sabuni. Hilo nimelifundisha miaka thelathini na mmoja. Miguu yake iliondoka yote miwili, akateleza kwa tumbo mpaka kwenye ukingo mdogo mwembamba, akashika majani. Chini yake hapakuwa na kitu isipokuwa yale maji ya kijani, na wanasema ni marefu kutoka ukingoni.

Akaita, "Jamani! Kuna mtu hapo?"

Mtu gani? Tulikuwa wawili tu. Hata hapo hakuthubutu kuniita mimi.

Nililala kifudifudi kwenye matope, nikashika shina la mti kwa mkono wa kushoto, nikamnyooshea wa kulia. Akautazama mkono wangu kama moto.

"Hapana, mama. Haifai."

"Shika!"

"Mama, haifai."

"Itafaa nikimwambia Nasike umekufa kwa adabu? Shika, wewe!"

Akashika. Mkono wake ulikuwa baridi na mgumu kuliko nilivyofikiria mkono wa karani. Nilivuta na yeye akasukuma kwa magoti, mpaka tukawa juu wote wawili, matope kutoka kidevu hadi viatu. Mara moja akanipa mgongo. Nami nikampa wangu. Tukakaa hivyo, yeye akitazama ziwa, mimi nikitazama miiba, tukihema.

Ravinder alifika akikimbia na mwavuli wake, Rosaline nyuma.

"Mzee Ravinder," alisema mume wa Nasike, bila kugeuka, "mwambie mama asante."

"Madam, anasema asante."

"Nimesikia. Mwulize, amenifuata tangu Machi kwa nini?"

"Anauliza umemfuata kwa nini."

"Mwambie mama, sikuwa namfuata kwa ubaya."

"Anasema si kwa ubaya. Lakini nyinyi wote mnasikia, bana! Mimi niko hapa ya nini?"

"Kaa hapo hapo," Rosaline akamwambia, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Bila wewe hawawezi."

Akakaa katikati yetu, akafungua mwavuli ingawa mvua ilikuwa imeacha. Na nikaambiwa.

"Mwambie mama, mimi ndio nilituma Nasike Kitale. Mama alionekana Saboti na patipati, hajui anaenda wapi. Nasike akawa halali usiku. Mimi siwezi kuingia kwa mama, siwezi ata kumchemshia chai. Nikamwambia Nasike aende akae na yeye, mimi nitajipanga. Harafu hiyo ya kutembea, niliona mama akikatazwa atatembea tu. Afadhali atembee na watu. Nikakuja kwa duka yako."

Ravinder aliinamisha kilemba. "Ni kweli, Madam. Alikuja Februari. Aliniomba nikualike kama ni mimi nimefikiria."

Nikasikia damu usoni. Miezi mitatu nimejiona msafiri, kumbe nilikuwa ng'ombe wa kuchungwa, mchungaji mmoja mbele na mwingine nyuma. Nilitaka kuinuka niende hadi Kisumu kwa miguu. Kama angekuwa amenyamaza hapo ningeondoka kweli.

Lakini aliendelea, na sauti ikabadilika. "Na mwambie mama, barua ya Mzee Mukhisa tulipata. Kama Nasike amechoka na mimi, nitakuja hiyo Jumamosi na wazee wangu. Sitabishana. Ila ningependa angeniambia yeye mwenyewe. Tangu hiyo barua naongea na yeye kwa simu, nangoja aseme, hasemi."

Ravinder hakurudia. Alinitazama tu.

Hapo ndipo nilipoielewa ile simu fupi ya kwenye ua. Yeye kule anangoja binti yangu amwambie kwamba anamwacha. Binti yangu huku anasikia mume amepoa na hajui kwa nini. Kati yao niko mimi, na barua yangu, na Mukhisa aliyeniuliza swali moja tu ambalo sikulijibu. Niliona aibu kuliko nilivyowahi kuona maishani, na nimewahi kumzika mume nikiwa na deni la kumwomba msamaha.

Hilo sikuweza kulipitisha kwa Ravinder. Nikasema mwenyewe, nikiitazama ile miiba.

"Barua ni yangu, Wangila. Nasike hajui chochote."

Ravinder akafunga mwavuli wake. Kisha nikasikia nyuma yangu mtu mzima analia kwa kujizuia, na sikuwa na ruhusa ya kugeuka.

Jumapili, 18 Mei. Kitale. Mvua: milimita 27, za siku tatu pamoja.

Nilimwambia Nasike kabla sijavua viatu. Nilimwambia yote, Lugulu, barua, tarehe ya wazee, Simbi. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kama mtoto wa shule.

Alikaa chini. "Kumbe ni hiyo," akasema. "Tangu Aprili ananijibu neno moja moja. Nilijua amepata mtu." Halafu akapaza sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Mama, si ungeniuliza! Ata mara moja!"

"Nilikuuliza Februari."

"Uliniuliza nimekuja kwa nini. Ningesema nini? Ati nimekuja kukuchunga? Ungenifukuza siku hiyo hiyo!"

Ningemfukuza, ni kweli.

Akatoka, akaenda kusimama katikati ya mahindi, simu sikioni, na mvua ikimnyeshea. Alikaa huko karibu saa nzima. Aliporudi alikuwa amelowa na uso ulikuwa wa mtu mwingine, lakini kwangu bado ulikuwa mgumu. Nilimpa taulo. Nikaona nikinyamaza sasa nitanyamaza daima.

"Ile Januari," nikasema, "sikuwa nanyoosha miguu. Niliamka, baba yako hayuko kitandani, nikatoka kumtafuta. Nilifika Saboti ndipo nikakumbuka tumemzika."

 Alinivuta, tukakaa kwenye kiti kimoja, kile kile cha Wabwile, na kwa watu wazima wawili hakitoshi.

Jumatano, 21 Mei. Mvua: milimita 6.

Nasike amenipeleka hospitali Lugulu. Daktari alinipima shinikizo la damu, akaniuliza leo ni siku gani. Nikamtajia siku, tarehe, na mvua ya kila siku tangu Machi. Akacheka, lakini hakuniachia. Anasema ni huzuni na kukosa usingizi, anataka kuniona tena Julai, na kutembea nisiache, ila mtu ajue nilipo.

Jumamosi, 24 Mei. Mvua: milimita 2.

Wazee walikuja, maana wazee wakishaitwa hawaitwi tena wasije. Watatu kutoka Bungoma pamoja na Wangila, na wetu wawili na Mukhisa. Walikaa chini ya turubai nje, nyuso za kazi. Mukhisa alisimama kufungua kikao nami nikamwomba nafasi yake.

Nilisema mbele yao wote kwamba nimekosa. Kwamba niliita kikao cha kuvunja nyumba ambayo hakuna aliyeilalamikia isipokuwa mimi. Nilidhani nitasema kwa ufupi, nikajikuta naeleza hadi kona ya mawe na mkono. Nilipofika kwenye mkono wazee wa Bungoma walitazamana.

"Walishikana?" mmoja akauliza.

"Walishikana," Mukhisa akajibu. "Na shahidi yuko, mwenye duka ya misumari."

Wakaenda kando, wakarudi na uamuzi. Kuku jike kutoka kwangu kwenda kwake, blanketi kutoka kwake kuja kwangu, na aibu ya mkono iishe. Mengine ya heshima tutajua wenyewe taratibu, maana mzee mkubwa kati yao alisema mila ni ya kulinda watu, si ya kuwaangusha ziwani. Kisha Mukhisa akasema kuku wa kikao ameshachinjwa na hawezi kurudishiwa manyoya, basi watu wale. Wangila alikula upande wa pili wa nyumba. Nasike alimpelekea sahani, akakawia huko, na hakuna aliyemwita.

Jumapili, 25 Mei. Mvua: hakuna.

Nasike amekwenda nyumbani kwake. Hakutaka. Alifungasha, akafungua, akafungasha tena. "Na wewe utabaki na nani?" Nikamwambia nitabaki na mahindi, na Jumamosi na Rosaline, ambaye ni sawa na watu wanne. Wangila alingoja barabarani, mbali na lango. Nilimwona akichukua begi.

Alhamisi, 29 Mei. Mvua: milimita 14.

Nyumba ni kubwa. Nimefagia mara mbili.

Jumatatu, 2 Juni. Mvua: milimita 4.

Mahindi yamepita magoti.

Leo saa kumi na mbili kasoro miguu iliamka kabla yangu. Sikuwa nimechanganyikiwa, nilijua Wabwile yuko wapi na mimi niko wapi, ila kukaa ndani nisingeweza. Nikachukua simu nimpigie Nasike nimwambie natoka. Kidole kikakataa. Nikitangatanga ni yeye tena atakayefungasha begi.

Nikampigia Wangila. Tangu aoe, sijawahi kuongea naye kwa simu. Ilipokelewa, na hakuna aliyesema kitu, kwa sababu yeye hawezi kunitangulia kusema.

"Ni mimi," nikasema. "Natoka. Naenda Endebess kwa miguu, nitarudi na gari ya saa saba."

"Sawa, mama."

"Nikirudi nitakupigia."

"Sawa, mama."

Nilikuwa nimebakisha kukata. Nikasikia mdomo wangu unaongeza.

"Na nisipopiga, usimtume Nasike. Njoo wewe. Usisimame hapo langoni kama mgeni, ingia ndani, ingia mpaka chumbani uniamshe."

Nikasikia jogoo wa kwao akiwika kule Bungoma.

"Nitaingia, mama," akasema.